Safari ya kwanza ya siku kadhaa kwa kayaki baharini: jinsi ya kujiandaa

Maswali ni yale yale kila msimu. Nibebe maji kiasi gani? Nitakwenda kilomita ngapi kwa siku? Kayaki inapandaje ndege? Na nikipinduka nikiwa na mzigo je? Nimechoka kuyajibu moja moja, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Mwongozo huu ni wako wewe ambaye tayari unaweza kupiga kafi kutwa nzima na kurudi nyumbani jioni, na sasa unataka kulala ufukweni na kuendelea kesho yake, siku nne hadi saba hivi. Kama hujawahi kupinduka kwa makusudi na kujitoa ndani ya kayaki ukiwa kichwa chini miguu juu, uweke pembeni kwanza. Tafuta mwalimu, ujifunze hilo, kisha urudi.

Jambo moja lishike kabla hatujaanza. Karibu wote niliowaona wakipata matatizo walijua kabisa kwamba bahari imechafuka. Walitoka kwa sababu kulikuwa na ndege ya kuwahi, au maji ya kunywa yalikuwa yanaisha, au waliahidi kufika mahali fulani Ijumaa. Karibu kila hatua hapa chini inakununulia uhuru wa kukaa nchi kavu siku ambayo bahari haitaki.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Watu: angalau watatu. Wawili hawatoshi, kwa sababu mmoja akipinduka na mwenzake akamshughulikia, hakuna anayetazama mwamba mnaosukumwa kuuelekea.

Ujuzi: kujitoa kayakini ukiwa umefunga sketi ya kuzuia maji (vazi la kiunoni linaloziba tundu la kukalia), kurudi ndani kwa msaada wa mwenzako na pia peke yako, kumvuta mwenzako kwa kamba kwa nusu saa bila kusimama, kutua na kuondoka kwenye mawimbi madogo yanayovunjika ufukweni.

Vifaa vya lazima:

- Kayaki ya baharini, urefu wa mita 5 hivi, yenye vyumba viwili vya mizigo, mbele na nyuma, vilivyotengwa na tundu la kukalia kwa kiambaza kisichopitisha maji. Kayaki fupi ya matembezi isiyo na kiambaza ikijaa maji haitoleki maji tena. Usiende nayo.
- Kafi la pande mbili kwa kila mtu, na la akiba angalau moja kwa kila watu wawili. La akiba likae juu ya kayaki, mahali mkono unapofika.
- Jaketi la kuelea lenye filimbi, sketi ya kuzuia maji, pampu ya mkono, boya la kafi (mfuko wa hewa unaovikwa kafi ili likushikilie unapopanda tena kayakini) na kamba ya kuvutia.
- Dira, chati ya bahari ndani ya mfuko unaoonyesha, na jedwali la maji kujaa na kupwa. Simu yenye ramani ni msaidizi tu; skrini iliyolowa maji ya chumvi haisikii kidole.
- Redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini) ya mkononi isiyoingia maji, na kitoa ishara cha dharura cha masafa ya 406 MHz, kile kinachosikika kwa setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji. Kisajili kwa jina lako kabla ya safari na utazame tarehe ya mwisho ya betri.
- Huduma ya kwanza, taa ya kichwa, kisu na utepe mpana wa gundi wa kuzibia nyufa.

Onyo la kwanza: redio na kitoa ishara vikae kwenye jaketi, mwilini mwako. Nimeona watu wamevifungia chumba cha nyuma, vikavu na salama kabisa. Ukiwa majini na kayaki inapeperushwa na upepo, hivyo si vyako tena.

Onyo la pili: vaa kwa kufuata joto la maji, usifuate joto la hewa. Kwenye maji baridi kabisa, waokoaji hufundisha 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi inayokurupuka, dakika 10 hivi za mikono na miguu kufanya kazi ya maana, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Maana yake, una dakika kumi za kurudi kayakini ukiwa bado na vidole. Nguo za pamba ziache hata kama maji ni ya uvuguvugu. Zikilowa hazikauki, na upepo hukunyonya joto lote.

Hatua ya 1: Chagua pwani kwa kuhesabu mahali pa kutokea

Wanaoanza huchagua pwani kwa uzuri wake. Wewe fungua chati, utie alama kila mahali unapoweza kutua, kwa rangi tatu: kijani kwa ufuko unaotulika karibu katika hali yoyote, njano kwa unaotulika bahari ikiwa shwari tu, nyekundu kwa majabali na miamba. Safari ya kwanza isiwe na pengo la zaidi ya kilomita 8 au 10 kati ya kijani na kijani.

Angalia na maji yakipwa. Ufuko mweupe ulioupenda kwenye picha ya setilaiti unaweza kugeuka kilomita nzima ya tope saa sita baadaye, na kayaki yenye mzigo haiburutwi kwenye tope.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umbali, kisha uipunguze

Mtu wa kawaida kwenye kayaki yenye mzigo, bahari ikiwa tulivu, huenda kilomita 5 hadi 5.5 kwa saa. Ukiweka mapumziko, kula na kujinyoosha mgongo, hesabu kilomita 4. Saa tano hadi sita za kazi zinakupa kilomita 20 hadi 24. Hiyo ndiyo siku yako. Najua siku ya mazoezi ulipiga 40. Siku ile hukulala chini usiku wake, wala hukubeba kilo 40 za vitu kutoka majini hadi juu ya ufuko, mara mbili kwa siku.

Kisha kwa kila siku tatu za kupiga kafi ongeza moja ya kukaa. Safari ya kilomita 100 si ya siku nne au tano. Ni ya siku sita au saba. Na tiketi ya kurudi isiwe ya kesho yake asubuhi.

Kundi huenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Pima kasi ya huyo, umbali wote uuhesabu kwa kasi yake.

Hatua ya 3: Soma maji

Hapa ndipo nataka ukae zaidi. Pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, saa sita na robo hivi kutoka kupwa hadi kujaa. Hayapandi kwa kasi moja. Gawa kimo chote kwa kumi na mbili: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ya maji ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza hupanda sentimita 30 tu, na saa ya tatu sentimita 90. Kwa kawaida mkondo nao hufuata hesabu hiyo, ukiwa mkali zaidi katikati. Lakini penye milango myembamba unaweza kugeuka kwa saa zake wenyewe, kwa hiyo soma jedwali la mikondo la mahali husika likiwapo.

Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na mikondo hukaza. Kati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo hayajai wala hayapwi sana. Safari ya kwanza ipange kwenye maji mafu, hata kama mwezi mpevu ungependeza kwenye picha.

Mfano wa kuvuka. Unataka kufika kisiwa kilicho kilomita 5.5 mbele, mkondo unapita ubavuni kwa kilomita 2.8 kwa saa. Ukilenga kisiwa moja kwa moja, baada ya saa moja ya kupiga kafi utakuwa umesukumwa karibu kilomita 2.8 pembeni. Badala yake geuza omo (ncha ya mbele ya kayaki) nyuzi 30 kuelekea mkondo unakotoka. Utakwenda kimshazari na kufika unapotaka, ila kwa kasi ndogo, kama kilomita 4.8 kwa saa. Ukiwa njiani, chagua vitu viwili vilivyopangana ufukweni, mti wa mbele na kilima cha nyuma yake, kisha uvitazame. Vikiachana, unasukumwa.

Na usitegemee kukiona kisiwa. Ukiwa umekaa kayakini, jicho liko chini ya mita moja juu ya maji, na upeo wako wa bahari uko kilomita 3 hivi tu. Kisiwa cha mchanga kisicho na miti kitajitokeza ukishakikaribia. Ndiyo maana dira haina mbadala.

Hatua ya 4: Weka kikomo cha upepo kabla hujauona

Utabiri wa bahari mara nyingi hutolewa kwa noti. Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa. Kwa safari ya kwanza, kikomo kiwe daraja la 4 la Beaufort, kipimo cha nguvu ya upepo, yaani kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Huna haja ya kifaa kuiona dalili yake: vichwa vyeupe vya mawimbi vimetapakaa kote. Utabiri ukisema 4, hamtoki. Liandikeni hilo mkiwa bado nyumbani, wakati hakuna anayeona aibu mbele ya mwenzake.

Mitego ni miwili. Upepo unaotoka nchi kavu huficha hasira yake: karibu na ufuko maji ni kama kioo, na kadiri unavyosogea nje ndivyo unavyokaza, nao unakusukuma mbali na nchi. Mtego wa pili ni upepo unaokwenda kinyume na mkondo. Maji yaliyokuwa shwari saa moja iliyopita husimama kama ngazi mara mkondo unapogeuka, ingawa upepo haujaongezeka hata kidogo. Angalia saa ya maji kugeuka pamoja na upepo, usiviangalie kimoja kimoja.

Kwenye pwani zenye jua kali, upepo wa bahari mara nyingi huamka kuelekea adhuhuri. Ingia majini saa kumi na mbili asubuhi, uwe umetua kabla ya saa saba.

Hatua ya 5: Vibali na taarifa

Fupi tu. Uliza kama kuna hifadhi, kama kulala ufukweni kunaruhusiwa, kama redio ya VHF inahitaji leseni, na kama kuna eneo la jeshi au njia ya meli kubwa. Kisha andika karatasi moja ya mpango: majina, rangi za kayaki, siku na mahali pa kulala, mahali mbadala, namba ya kitoa ishara, na saa ambayo mkiwa hamjapiga simu msaada uitwe. Mwachie mtu wa nchi kavu asiyesahau. Saa hiyo iwe ya siku moja baada ya mnayotarajia kufika, la sivyo mtalazimika kuikimbilia kwenye bahari mbaya ili mama mtu asipige simu kwa waokoaji.

Hatua ya 6: Kayaki na mizigo vifike salama

Kwa gari: mikanda miwili juu ya mwili wa kayaki, kamba moja ya omo na moja ya tezi (ncha ya nyuma). Sokota mkanda mara moja ili usipige kelele na upepo. Simama baada ya dakika kumi za mwendo ukaze tena. Mifuniko ya vyumba ilegeze; hewa iliyofungiwa juani hutanuka.

Kwa ndege: kayaki nzima ya mita 5 kwa kawaida haibebeki kama mzigo wa abiria. Kodi huko unakokwenda, au tumia ya kukunja. Usiidharau ya kukunja: Oskar Speck aliondoka Ujerumani mwaka 1932 kwa kayaki ya aina hiyo na kufika Australia mwaka 1939, akakuta vita imeanza na akawekwa kizuizini. Ukikodi, omba picha za mifuniko na viambaza, na beba sketi yako baada ya kuuliza vipimo vya tundu la kukalia. Kafi linalogawanyika vipande vinne huingia kwenye begi.

Fataki za dharura na mitungi ya gesi ya jiko haziruhusiwi kwenye ndege, si kwenye begi la mkononi wala la chini. Vinunue ukifika. Betri za akiba za lithiamu huenda na wewe ndani ya ndege. Hadi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) hazihitaji ruhusa, kati ya 100 na 160 omba idhini ya shirika. Jaketi linalojijaza kwa mtungi wa gesi nalo linahitaji idhini. Jiko lililotumika lisafishe mpaka lisinuke mafuta.

Hatua ya 7: Maji ya kunywa

Anza na lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika. Kwenye joto kali hesabu 6. Ongeza akiba ya siku mbili. Siku tano bila mahali pa kujaza ni lita 20 na akiba 8, jumla lita 28, yaani kilo 28. Uzito huo ndio unaoamua njia yako. Tafuta kijiji au kisima cha kujazia katikati ya safari.

Tumia vyombo vidogo vya lita 4 hadi 10. Safari yangu ya pili nilibeba dumu moja la lita 20, mfuniko ukavuja usiku, na asubuhi tukageuza omo kurudi tulikotoka. Chakula kiwe kisichohitaji kupikwa kwa walau siku moja kati ya tatu, kwa sababu kuna jioni ambayo mvua na uchovu vitashinda jiko.

Hatua ya 8: Pakia

1. Tandaza kila kitu sakafuni nyumbani. Rudisha kabatini robo yake.
2. Tumia mifuko mingi midogo isiyopitisha maji. Mfuko mmoja mkubwa hauingii mlangoni mwa chumba.
3. Vizito (maji, makopo, hema) viweke chini kabisa, juu ya mkuku (mstari wa katikati wa sakafu ya kayaki), karibu na kiambaza cha mbele au cha nyuma. Vyepesi kama mfuko wa kulalia vipeleke kwenye ncha.
4. Sawazisha kulia na kushoto, kisha usukume kayaki kwenye maji tulivu ukiitazama kwa ubavu. Ikae sawa, au tezi izame kidogo tu kuliko omo.
5. Juu ya kayaki weka chati, kafi la akiba na pampu. Kila kingine unachofunga huko juu hushika upepo na kukuzuia kurudi ndani ukipinduka.

Pakieni kayaki ikiwa karibu na maji. Ikishajaa, wabebaji wawe wanne, na waishike mwili wake. Vishikio vya ncha vinaweza kukatika.

Hatua ya 9: Pinduka na mzigo

Hatua inayorukwa kuliko zote. Wiki mbili kabla, pakia kila kitu, nenda mahali salama, upinduke. Utagundua kwamba kayaki yenye mzigo imetulia zaidi mkikaa, lakini mwenzako hawezi kuinyanyua omo kumwaga maji kama alivyozoea. Rudi ndani kwanza, kisha mtoe maji kwa pampu. Laleni nje usiku mmoja kisha mpige kafi tena asubuhi. Kifaa kibovu kitajitaja chenyewe.

Hatua ya 10: Asubuhi ya kuondoka

Soma utabiri mpya. Panda mahali pa juu uitazame bahari dakika kumi. Jaribuni redio. Kubalianeni nani anaongoza na nani anafunga msafara, na kila mmoja ajue mahali pa kwanza pa kutokea. Kisha mwulize kila mtu peke yake: unatoka leo? Mmoja akisema hapana, mnabaki, na hakuna mjadala.

Matatizo yanayojirudia na dawa yake

*Kayaki inageukia upepo kila mara.* Omo ni nzito mno. Sogeza uzito nyuma, au shusha pezi la tezini (bapa linaloshuka majini kwa waya) kidogo kidogo mpaka ishike njia. Ikigeuka kuupa upepo mgongo, fanya kinyume.

*Pezi halishuki.* Kokoto imekwama kwenye nafasi yake ulipoondoka ufukweni. Mwenzako alivute kwa kamba fupi uliyolifunga mapema. Usilazimishe waya.

*Maji ndani ya chumba cha mizigo.* Mchanga kwenye ukingo wa mfuniko ndio mshukiwa wa kwanza. Ufute kila asubuhi. Kama ukingo ni safi, mwaga maji ndani ya chumba ukiwa nchi kavu uone yanatokea wapi, ukaushe, upige utepe.

*Kifundo cha mkono kinauma na kulia unapokikunja.* Unakaba kafi. Legeza vidole, sukuma kwa mkono wa juu ukiwa wazi, na zungusha kiwiliwili. Kikivimba, siku ya akiba ndiyo hii.

*Mwenzetu amelewa bahari.* Mwambie atazame upeo, aendelee kupiga kafi taratibu, na mtu mmoja ashikamane naye. Akianza kutapika mfululizo, mvute mpaka ufuko wa kijani ulio karibu. Dawa hunywewa kabla ya kuingia majini, nayo ijaribiwe nyumbani kwanza, maana nyingine huleta usingizi.

*Redio haijibiwi.* Redio ya mkononi hufika mbali kadiri antena inavyoona, na wewe uko chini mno. Inyanyue, jaribu tena chaneli 16 (ya dharura na kuitana), au tuma mtu juu ya jabali. Kama maisha yako hatarini na bado kimya, washa kitoa ishara, kisha mkae pamoja na msiihame kayaki.

*Maji yameingia hemani usiku.* Umelala chini ya mstari wa bamvua. Tafuta mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu na takataka, upande juu yake, na kayaki zifungwe kwenye mti au jiwe hata kama bahari inaonekana iko mbali.